Mpira wa gofu ukigoma, weka fimbo chini

Kama kila pigo linakata kulia na umeanza kubadili mshiko katikati ya raundi, pumzika wiki mbili. Kumaliza ndoo nyingine ya mipira kwa hasira kunakaza tu kosa lilelile. Masika, uwanja ukijaa maji, ndiyo nafasi yenyewe. Tembea, nyoosha mgongo na nyonga, na achana na video za mafunzo; hizo ndizo zinazovuruga kichwa kuliko kitu chochote.

Ukirudi, draiva, fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, ibaki kwenye mfuko wa fimbo. Mchezaji gofu Tiger Woods, baada ya upasuaji wa mgongo wa Aprili 2017, alianza na pati (kusukuma mpira taratibu kuelekea shimo) na chipu (pigo fupi la kuinua mpira karibu na shimo), kisha akaendelea na nusu mapigo. Fanya hivyohivyo, kisha cheza mashimo 9 bila kuandika alama.