Nyumba kuukuu Dar es Salaam: kagua haya kabla ya kutoa malipo ya awali

Nyumba ndogo ya zamani, iwe Magomeni, Temeke au Ilala, unaweza kuibadilisha bati, milango, waya na choo. Umiliki wake, mahali ilipo na kimo chake kwa barabara huviwezi, au utaviweza kwa gharama ya kujenga upya. Kwa hiyo anza na hivyo, rangi isikushughulishe.

Kama ina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna rehani. Kama ina leseni ya makazi, ulizia manispaa. Nyumba nyingi za umri huu ni za urithi: anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote watie saini. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake akubali kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda. Mhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi. Karibu na mto au bahari, pima mita 60. Ndani ya hapo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 itakubana.

Sasa simama mlangoni. Barabara za mitaani mara nyingi huinuliwa zinapotengenezwa, nyumba ikabaki shimoni. Ukijaza kifusi na zege kuinua sakafu sentimita 45, mlango wa sentimita 210 unabaki 165. Itabidi uvunje linta (boriti ya juu ya mlango), uongeze kozi za tofali na upaue upya. Nyumba ya hivyo inunue kwa bei ya kiwanja tu, au iache. Nenda masika, mvua ikinyesha, na waulize wapangaji maji hufika wapi, muuzaji hatakwambia.

Kuta za chini zikitoa unga mweupe na lipu ikimomonyoka, ni unyevu unaopanda na chumvi. Bandika nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa tu. Kupiga lipu mpya juu yake ni kupoteza saruji, chumvi itaisukuma tena. Tiba ni kubandua lipu hadi sentimita 30 juu ya doa, kushusha udongo wa nje, kisha kukata kiungo cha tofali vipande visivyozidi mita moja, kwa kuruka kimoja kimoja, na kuingiza karatasi ya kuzuia unyevu. Fundi akitaka kukata ukuta mzima kwa mkupuo, mkatalie: ukuta utadidimia.

Ufa mwembamba kama uzi ni wa lipu. Unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha, na sarafu inaingia, unaonyesha msingi umedidimia. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa uone kama umesogea.

Juu, dunga kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kwa bisibisi pale mbao zinapokalia ukuta. Ikizama kirahisi, mbao zimeliwa na mchwa au zimeoza. Bati la asbesto usilikate wala kulitoboa. Waya za zamani zisizo na athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) hesabu zote mpya, na mabomba ya chuma vilevile, kwa kuwa kutu huyaziba kwa ndani.

Hesabu vifaa kwa vipimo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo saba za mchanga za lita 20 hupiga lipu mita za mraba 8 hivi, unene wa milimita 15. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7, kinakula mifuko minne. Jumlisha bei ya nyumba, vifaa, ufundi, wakili na kodi, kisha ongeza asilimia 20 ya gharama za ukarabati kwa yatakayojitokeza mkibomoa. Jumla ikifikia bei ya nyumba nzima iliyo tayari mtaa huohuo, usinunue. Ukiendelea, mkataba useme malipo ya awali yatarudishwa upekuzi ukionyesha dosari.