Unataka kila kitu kiwe asilimia mia? Namna ya kumpata mtaalamu wa kukusaidia Moshi na Arusha

Nafanya kazi ya saikolojia hapa Moshi. Wateja wanaosumbuliwa na kutaka ukamilifu huwa nawahisi hata kabla hawajakaa: wamefika mapema kupita kiasi na wameshika daftari lenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula. Wengi wao walichelewa sana kuja, kwa sababu walimtafuta mtaalamu kama wanavyofanya kila jambo: lazima awe bora kuliko wote. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zina kikomo. Kikifika, songa mbele hata kama roho haijaridhika. (Mifano ya watu nimeichanganya, usimtafute jirani yako humu.)

Hatua ya 1: Andika hasara, siyo tabia

Chukua karatasi moja, tumia upande mmoja tu. Usiandike "mimi ni mtu wa viwango vya juu". Hilo hata kwenye usaili wa kazi watu hulitaja kwa kujisifu, wakiulizwa udhaifu wao ni upi. Andika kinachokutoka. Mwalimu wa sekondari wa Njiro anaandika andalio la somo hadi saa saba usiku, analichana, anaanza upya, kesho yake anafundisha huku anasinzia. Fundi cherehani wa Majengo anafumua pindo ambalo mteja asingeliona kabisa. Gauni la harusi linachelewa, mteja anahamia kwa fundi mwingine.

Kisha jiulize anayekudai ni nani. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada walitenganisha aina tatu: kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine wanakudai wewe. Hiyo ya tatu naiona sana huku kwetu. Ripoti ya shule inaandika nafasi ya mtoto darasani. Binti anarudi nyumbani akiwa wa 2 kati ya 64, baba anaishika ripoti, anaisoma kimya, anauliza: "Wa kwanza nani?" Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora mwaka 2023, lakini sebuleni matokeo bado yanatangazwa. Yule binti leo ana miaka thelathini na tano, ana watu chini yake kazini, na swali la baba bado analisikia kila anapokabidhi kazi.

Weka alama kwenye aina yako. Zikiwa mbili, weka mbili. Karatasi imeisha, ikunje.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Kutaka ukamilifu si jina la ugonjwa. Ukifika dirishani ukasema "natafuta mtaalamu wa ukamilifu", utaangaliwa tu. Sema kinachoambatana nao: usingizi umepotea, wasiwasi hauishi, huzuni, kazi haziishi kwa sababu huzianzi. Wengine huja baada ya kuzunguka muda mrefu na kichwa au tumbo, vipimo vyote vikirudi safi.

Mlango wa hospitali unamfaa mwenye bima au asiyemudu kulipa kila wiki. Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha ni hospitali za rufaa za mkoa, KCMC ni ya rufaa ya kanda. Kwa bima, kwa kawaida unaanzia kituo cha chini ndipo uandikiwe rufaa, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujapanda daladala. Waulize mapokezi maswali mawili: kliniki ya afya ya akili ni siku zipi, na je, kuna mwanasaikolojia au ni daktari peke yake? Daktari wa magonjwa ya akili atakupima, na ikibidi atakuandikia dawa. Mazungumzo ya wiki kwa wiki, ambayo ndiyo hasa dawa ya shida hii, mara nyingi ni kazi ya mwanasaikolojia.

Mlango wa pili ni mtaalamu binafsi, ofisini kwake au kwa video. Hapa siri ndiyo huwatisha watu. Mji wetu mdogo, na hakuna anayependa kupeana amani ibadani na mtu aliyemlilia Jumatano. Wapo wanaoamua kutoka Moshi kwenda Arusha, karibu kilomita 80, ili wasionekane. Sikukatazi, ila nimeona wengi wakiacha kwa sababu ya barabara wala si kwa sababu ya tiba. Kama una chumba chenye mlango unaofungika na bando la kutosha, mimi nakushauri video.

Na mchungaji au shehe? Mwendee kama unamwamini, lakini asiwe peke yake. Tatizo moja tu: mtu anayetaka ukamilifu huigeuza hata sala kuwa mtihani.

Kikomo: majina matatu, wiki moja. Jina la nne usilitafute.

Ila kama unawaza kujidhuru au kufa, achana na orodha. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo, kitengo cha dharura.

Hatua ya 3: Tuma ujumbe

Nakili huu:

"Habari za leo daktari. Naitwa ___, niko Sakina. Nasumbuliwa na kutaka kila kitu kiwe sawasawa mpaka kazi na usingizi vinaharibika. Una nafasi lini, na kikao ni shilingi ngapi? Asante."

Utume bila kuurudia kuusoma. Najua.

Akipiga, muulize amesomea nini na wapi. Usione aibu, kwa sababu jina la mshauri nasaha hubebwa na watu wa namna nyingi. Wengi walifundishwa ushauri nasaha wa VVU, ujuzi wa maana sana, ila si huu. Kisha uliza: "Kwa mtu kama mimi, huwa mnafanya nini?" Akijibu kwamba atakusikiliza na kukupa moyo, shukuru, nenda jina la pili. Jibu unalotaka lina kazi ndani yake: majaribio, mazoezi ya nyumbani, kupima mabadiliko.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Nenda na ile karatasi tu. Daftari libaki nyumbani.

Ukimpata anayetumia tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi huiita CBT, utaona hakuombi ushushe viwango. Roz Shafran na wenzake walieleza mwaka 2002 kwamba kiini cha shida ni kujipima thamani yako yote kwa kufikia viwango hivyo, hata vinapokuumiza. Kwa hiyo utapewa jaribio, mazungumzo yakienda hivi:

"Kesho tuma ripoti ukiwa umeisoma mara moja tu. Unadhani itakuwaje?"

"Bosi ataniona mzembe, dada yangu. Ataniita ofisini."

"Una uhakika kiasi gani?"

"Asilimia tisini."

"Haya, iandike hiyo tisini. Wiki ijayo uniambie kama aliita."

Wiki ijayo mara nyingi habari ni kwamba bosi hajaifungua hata hiyo ripoti.

Hatua ya 5: Amua baada ya kikao cha nne

Usipime kwa kujiuliza kama huyu ndiye bora. Jiulize kama kuna kitu kimoja ulichokikabidhi kikiwa hakijakamilika, na kama unaweza kumwambia mtaalamu "zoezi sikulifanya" bila kutunga sababu. La pili lina uzito zaidi, maana wateja hawa hupenda kuwa wanafunzi bora wa tiba, na hapo tiba husimama. Ukiona bado unamridhisha, mwambie hivyohivyo kabla ya kuondoka, mara nyingi kazi yenyewe huanzia hapo.

Ikishindikana, andika: "Asante kwa msaada wako, nimeamua kubadilisha. Naomba unielekeze kwa mwenzako." Wala huhitaji kueleza sababu. Sisi wa kazi hii huku tuko wachache na tunajuana, atakupa jina.