Jinsi ya kuchagua shokapu za upepo kwa pikipiki yako

Kwanza hakikisha unachouziwa ni shokapu ya upepo kweli. Kile kichupa cha ubavuni kisikudanganye: kazi yake ni kuhifadhi oili na gesi ya naitrojeni ili oili isifanye povu, na uzito bado unabebwa na springi ya chuma. Kwenye shokapu ya upepo, hewa ndiyo inayobeba uzito, peke yake au ikisaidiana na springi. Lazima iwe na valvu unayoweza kuijaza mwenyewe, na mtengenezaji awe ameandika presha ya chini na ya juu. Bila maandishi hayo, usinunue.

Hatua ya 1: Pima. Inua gurudumu la nyuma, kisha pima kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini. Pima pia unene wa bolti na upana wa bushi (kile kipande cha mviringo ambamo bolti hupita). Baki na urefu wa asili. Shokapu ndefu huinua nyuma na usukani huanza kuyumba ukienda kasi; fupi huweza kufanya tairi ligonge madigadi.

Hatua ya 2: Fikiria mzigo. Upepo unamfaa anayebeba abiria leo na kesho yuko peke yake. Kama uzito wako haubadiliki, springi nzuri inatosha, tena haivuji.

Hatua ya 3: Tafuta skrubu ya kurekebisha kasi ya kurudi, yaani jinsi shokapu inavyofunguka haraka baada ya kubonyea. Presha hurekebisha ugumu tu. Pikipiki inayokurusha juu baada ya tuta haitatulizwa na upepo. Oili ndiyo inayozuia mrusho huo.

Hatua ya 4: Nunua pampu ya mkono ya shokapu, yenye geji. Nafasi ya hewa ndani ni ndogo mno, kwa hiyo kompresa ya tairi huipitisha kiwango kwa kufumba na kufumbua na kuharibu sili, yaani mipira inayozuia hewa na oili kuvuja. Jaza shokapu ikiwa ya baridi, maana joto hupandisha presha. Zikiwa mbili zisizounganishwa kwa mpira mmoja, zijaze sawasawa.

Hatua ya 5: Rekebisha. Gurudumu likiwa hewani, pima kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake kwenye bodi. Panda na mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kama asilimia 30 ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka: kwenye milimita 100, takriban 30. Ikizidi, ongeza upepo; ikipungua, toa.

Kabla ya kulipa, ulizia kama sili zake zinauzwa peke yake. Sili ndizo huchoka mapema.