Usimwombe bibi hekima, muulize habari za sabuni

Kazi iliponikatikia Mwanza, nilirudi kijijini Shinyanga kwa bibi nikiwa na daftari, nijifunze walivyoishi miaka ya shida. Swali langu la kwanza lilikuwa la ovyo: "Bibi, zamani mlivumiliaje shida?" Akajibu, "Tulivumilia tu," akaendelea kupepeta karanga. Daftari likabaki jeupe siku mbili.

Siku ya tatu nikauliza habari za kitu: "Sabuni ilipoadimika mlifulia nini?" Akaweka ungo chini. Zikaja habari za miaka ile baada ya vita vya Kagera: majani ya mpapai yaliyopondwa kufulia, foleni dukani ambako jiwe lilikushikia nafasi, unga wa njano walioubatiza "Yanga". Basi uliza kitu. Na usiulize mwaka, taja tukio: Operesheni Vijiji watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, vita, msako wa wahujumu uchumi. Bibi hajui kwamba msako ulikuwa 1983, ila anajua wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto yupi.

Pili, shika kisu. Mzee akikuona umekaa na kalamu anakuhutubia. Ukimenya naye anasahau kwamba anafundisha. Mimi nilijifunza michembe hivyo. Viazi vitamu vikishachimbwa, viache siku mbili tatu vinyauke kidogo, menya, kata vipande vyembamba, anika juu ya jabali jua la kiangazi. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, hayo ni matobolwa, matamu zaidi, ya kutafuna na chai. Niliuliza vinakaa juani siku ngapi. Bibi akacheka. Akachukua kipande cha mchembe akakikunja: kikipinda, rudisha juani, kikivunjika kwa mlio, weka ndani. Andika maneno hayo kama yalivyosemwa, usiyageuze kuwa siku nne, kwa sababu mawingu hayajui daftari lako. (Mzigo wangu wa kwanza niliuhifadhi ungali unapinda. Ukaota ukungu, nikautupa wote.)

Kila hatua uliza pia: "Nikiiruka itakuwaje?" Hili usilione dogo. Mwaka 1985 kule Tarime ukame uliwabana watu, wakafupisha kazi ya kuandaa mihogo michungu kabla ya kuila. Sumu ikabaki humo, na wengine wakapooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Kuloweka na kuanika kulikoonekana ni mazoea ya akina bibi ndiko kulikokuwa kinga yenyewe. Kwa mihogo michungu usijaribu kwa kusimuliwa, fanya mbele ya anayejua.

Kisha chagua. Si kila walichofanya wakati wa njaa ni cha kuiga. Shangazi yangu mmoja aliozwa akiwa mdogo ili ng'ombe waingie nyumbani. Bibi alilisema hilo akiangalia viazi, sauti chini. Nililiandika ukurasa wa peke yake, na sikuuliza zaidi.

Mwisho, pika ulichojifunza umpelekee aliyekufundisha. Nilimpelekea michembe niliyoichemsha na karanga. Alionja, akasema chumvi imezidi, akamaliza sahani. Mwezi wa sita narudi tena kwa ajili ya nsansa, majani ya kunde ya kukausha. Ameagiza nije na kisu changu, kile chake nilikitia butu.