Jinsi ya kuendesha skripti na moduli ndani ya coverage.py kwa kodi yako mwenyewe

Wengi tunaijua coverage.py, kifaa cha kupima ni mistari gani ya kodi yako ya Python imeendeshwa, kwa njia ya terminali tu, unaandika `coverage run hesabu.py` alafu `coverage report -m`, unapata asilimia yako basi. Na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Ila ikifika siku unataka skripti ileile iendeshwe mara kumi kwa agumenti tofauti, ukague kila mara imetoka na namba gani ya kutokea (exit code), alafu mwisho upate ripoti moja ya zote, hapo ni bora uiendeshe kutoka ndani ya Python yenyewe. Ndo ntakuonesha hapa, na sehemu ambazo watu wengi wanapotea, mi mwenyewe nlipotea siku mbili nzima.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kukopeshana. Faili la kwanza ni `riba.py`:

```
def piga_riba(mkopo):
    if mkopo > 500000:
        return mkopo * 12 // 100
    return mkopo * 10 // 100
```

Na la pili `hesabu.py`:

```
import sys
from riba import piga_riba

def main():
    if len(sys.argv) < 2:
        print("Weka kiasi cha mkopo")
        sys.exit(1)
    print(piga_riba(int(sys.argv[1])))

if __name__ == "__main__":
    main()
```

Kitu cha kwanza mtu anachofanya ni kuwasha coverage alafu anaandika `import hesabu`. Usifanye hivo. Ukiimpoti tu, jina la moduli linakuwa `hesabu` na sio `__main__`, kwaiyo ile `main()` ya mwisho haiitwi kabisa. Hesabu mwenyewe: faili lina sentensi 9 za kodi, zitakazopita ni mstari wa 1, 2, 4 na 10 tu, yaani 4 kati ya 9, ripoti inakuambia 44% na mistari iliyokosekana ni 5-8 na 11. Mtu anaanza kuandika testi mpya kumbe skripti haijaendeshwa hata kidogo.

Inatakiwa skripti ijione iko peke yake, kama vile umeiita kwa `python hesabu.py`. Python ina moduli ya `runpy` kwa kazi hiyohiyo. Tengeneza `endesha.py`:

```
import os, runpy, sys
import coverage

def endesha(faili, hoja):
    argv_ya_mwanzo = sys.argv[:]
    path_ya_mwanzo = sys.path[:]
    sys.argv = [faili] + hoja
    sys.path.insert(0, os.path.dirname(os.path.abspath(faili)))
    try:
        runpy.run_path(faili, run_name="__main__")
        return 0
    except SystemExit as e:
        return 0 if e.code is None else e.code
    finally:
        sys.argv = argv_ya_mwanzo
        sys.path[:] = path_ya_mwanzo

cov = coverage.Coverage(source=["."], omit=["endesha.py"])
cov.start()
try:
    for hoja in ([], ["300000"], ["600000"]):
        print(hoja, endesha("hesabu.py", hoja))
finally:
    cov.stop()
    cov.save()
cov.report(show_missing=True)
```

Angalia vitu vinne hapo. `run_name="__main__"` ndo inafungua ule mlango wa mwisho wa skripti. `sys.argv` lazima uibadilishe wewe, la sivyo skripti itasoma agumenti za `endesha.py`. `sys.path` nayo, kwa sababu `run_path` ikipewa faili la kawaida haigusi njia za kutafutia moduli, sasa skripti ikiwa kwenye folda nyingine ile `from riba import` inakufa palepale. Alafu `SystemExit`. Hii ndo inaumiza zaidi, maana `sys.exit(1)` ni eksepsheni kama eksepsheni nyingine, usipoidaka inapanda juu mpaka inaua `endesha.py` yenyewe kwenye mzunguko wa kwanza, 300000 na 600000 hazifikiwi kabisa, na kama hujaweka `cov.save()` ndani ya `finally` basi na data ya ulichokwisha pima hutaikuta kwenye faili la `.coverage`. Komandi ya `coverage run` inakufanyia haya yote kimyakimya, ndo maana hatuyajui mpaka siku tunaandika wenyewe.

Sasa zile siku mbili zangu. Nilikuwa natengeneza `coverage.Coverage()` mpya ndani ya mzunguko, kila agumenti na objekti yake, nikidhani ndo usafi wa kazi. Ripoti ya 300000 ikaja vizuri, `riba.py` 75%, umekosekana mstari wa 3 tu. Ripoti ya 600000 ikaja 50%, imekosekana 1 na 4. Mstari wa 4 sawa, ila mstari wa 1 ndo `def` yenyewe, funksheni imeitwa na imerudisha 72000 naiona kwa macho yangu, inakuwaje `def` haijaendeshwa! Sababu ni kwamba Python ikishaimpoti moduli inaiweka kwenye `sys.modules` na haiisomi tena, kwaiyo `def` ilipita mara moja tu, ikahesabiwa kwenye objekti ya kwanza, ya pili haikuiona. Ukitumia objekti moja, ukaiwasha mara moja kabla ya mzunguko kama nilivyoweka juu, data inajumlishana na `riba.py` inafika 100%.

Kwa sababu hiyohiyo usiimpoti kodi unayoipima juu kabisa ya `endesha.py` kabla ya `cov.start()`. Ukiweka `source`, coverage itakuonya kwa onyo la `already-imported`, na hilo onyo lisome, usilipite.

Kama ni moduli ndani ya pakeji, yaani kile unachoita kwa `python -m vikoba.hesabu`, badilisha mstari mmoja:

```
runpy.run_module("vikoba.hesabu", run_name="__main__", alter_sys=True)
```

Hapa kwenye `sys.path` weka folda uliyosimama, `os.getcwd()`, sio folda ya faili. Na ukitaja jina la pakeji tupu, lazima ndani yake kuwe na `__main__.py`, bila hivo inagoma.

Ukichungulia ndani ya coverage.py utakuta faili la `execfile.py` lenye klasi ya `PyRunner`, ndo injini inayotumiwa na `coverage run`. Isome, inafundisha sana, Ned Batchelder anayeutunza huu mradi anaandika maelezo yanayoeleweka. Ila usiiimpoti kwenye kodi yako, ni ya ndani, inaweza kubadilika toleo lolote bila wewe kuambiwa.

Kuna mambo ambayo njia hii haifiki. Skripti ikianzisha prosesi nyingine kwa `subprocess`, ile prosesi ni Python mpya haijui kama kuna coverage, kuanzia toleo la 7.10 unaweka `patch = subprocess` kwenye `.coveragerc` (faili la mipangilio ya coverage) alafu unaunganisha data kwa `coverage combine`. Skripti ikiacha nyuzi (threads) zinaendelea baada ya `run_path` kurudi, nazo usiziamini, `runpy` haina dhamana kwamba funksheni zilizobaki zitafanya kazi sawasawa, subiri nyuzi ziishe ndani ya skripti kwanza.

Ukishaona inakwenda ongeza `branch=True` kwenye `coverage.Coverage(...)`, alafu toa ile `[]` kwenye mzunguko uendeshe tena, ripoti itakuonesha mistari ya 6-7 imekosekana, na safu ya `BrPart` itahesabu ile `if` ya mstari wa 5 kuwa imepita njia moja tu.