Kutunza kisima cha mvua Masafer Yatta

Vilima vya Masafer Yatta, kusini mwa Hebron katika Ukingo wa Magharibi, hupata mvua ya majira ya baridi tu. Mabomba ya kampuni ya Israel, Mekorot, hufikisha maji kwenye makazi ya walowezi jirani, huku vijiji vingi vya Wapalestina na Mabedui vikiachwa bila kuunganishwa. Tegemeo lao ni bir, kisima kilichochongwa kwenye mwamba wa chokaa, mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi. Wazee wa pwani yetu wangekiita birika.

Kisafishe Septemba, maji yakiwa yamekaribia kwisha. Fungua kifuniko tangu jana yake ili hewa ibadilike. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na watu wawili wabaki juu. Akihisi kizunguzungu avutwe papo hapo. Pampu ya petroli isishushwe ndani kamwe, kwa kuwa moshi wake unaua. Tope likishatoka, kagua kuta. Ufa upanuliwe kwa patasi, usuguliwe, uloweshwe, kisha uzibwe kwa saruji moja kwa mchanga tatu, na lipu hiyo iwekwe unyevu siku saba. Wengi huiacha ikauke juani siku ile ile, na ufa hurudi kabla ya Januari.

Kisima kikiwa na maji, pima uvujaji: weka alama jioni, usichote kwa saa 24, kisha angalia. Penye upana wa mita 4, sentimita moja iliyoshuka ni takriban lita 125 zilizopotea.

Mwamba unaoelekeza maji kisimani ufagiliwe na uzungushiwe ua mapema, maana samadi ya kondoo ndiyo uchafu mkubwa. Mbele ya tundu la kuingizia chimba shimo la nusu mita la kutulizia tope, weka na wavu. Mvua ya kwanza ziba tundu, iache ioshe mwamba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, lakini juu ya ardhi ya mawe hesabu nusu tu. Kwa mvua ya milimita 250, kisima cha lita 60,000 kinahitaji mita za mraba 480.

Sasa piga hesabu ya kiangazi. Watu 8 kwa lita 30 kila mmoja ni lita 240 kwa siku, na hiyo ni chini ya lita 50 hadi 100 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kondoo 50 kwa lita 6 ni lita 300. Siku 180 zitakula lita 97,200. Hata kisima kikijaa, pengo ni lita 37,200, yaani safari nne za boza la lita 10,000. Agiza yakiwa yamebaki ya siku kumi, usingoje ya mwisho: barabara ikifungwa kwa geti au kifusi, trekta huzunguka mbali na bei hupanda, au halifiki kabisa.

Maji ya boza yatiwe dawa. Kwa lita 10,000, changanya mililita 400 za jiki isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 5, kwenye ndoo ya maji, umimine, ukoroge. Baada ya nusu saa kipimo kionyeshe klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Isipoonekana, uchafu umeila: ongeza nusu ya kipimo, upime tena. Maji ya tope yachujwe kwanza. Yakinuka mafuta au kemikali, au pakiwa na dalili kwamba mtu ametia kitu, usinywe wala usinyweshe mifugo. Klorini haiondoi sumu. Ndiyo maana kifuniko hufungwa kwa kufuli.

Karatasi ni sehemu ya kisima. Amri ya kijeshi ya Israel namba 158 ya 1967 inakataza kujenga chombo chochote cha maji bila kibali, na katika Eneo C, yaani sehemu iliyo chini ya udhibiti kamili wa Israel, takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, vibali kwa Wapalestina hutolewa kwa nadra mno. Hata ukarabati unaweza kuhesabiwa ujenzi mpya. Kwa hiyo piga picha kabla ya kugusa jiwe: mdomo, kuta, lipu ya zamani, na mandhari ya kuthibitisha mahali. Ukikuta hati ya kusimamisha kazi, hata imewekwa chini ya jiwe, ipige picha hapo hapo pamoja na tarehe, uipeleke kwa wakili siku hiyo. Amri namba 1797 ya 2018 inaruhusu jengo jipya kuondolewa saa 96 baada ya hati. Nakala moja ya kila kitu ikae nje ya kijiji, kwa kuwa nyumba ikibomolewa karatasi huzikwa humo.