Kununua boti ndogo iliyotumika, ya kuvutwa kwa trela, kwa ajili ya kulala majini na familia

Nimekulia Pangani, ambako chombo kinashushwa majini kwa magogo na mabega ya watu. Hapa ninapoishi sasa, Tacoma katika jimbo la Washington, Marekani, boti ya familia inakaa uani juu ya trela, na Ijumaa jioni inavutwa na gari hadi ufukweni. Nimenunua mbili zilizotumika, na nimewasindikiza ndugu na marafiki kadhaa kukagua zao. Mpangilio ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Anza na gari. Watu huanza na picha za boti mtandaoni, moyo ukishatekwa ndipo wanakumbuka kwamba itavutwa. Fungua kitabu cha gari lako usome uzito linaoruhusiwa kuvuta. Toyota Sienna, ambayo familia zetu nyingi huku zinaiendesha, mwisho wake ni pauni 3,500, kama kilo 1,590. Sasa tazama C-Dory ya futi 22, boti yenye kibanda na vitanda inayopendwa sana pande hizi. Muuzaji atakutajia uzito wa boti tupu. Ongeza mashine, petroli, maji ya kunywa, nanga na mnyororo wake, vyombo vya kupikia, na trela lenyewe: unafika karibu pauni 4,000. Sienna imeshindwa hapo. Ama utafute boti ndogo zaidi, ama ubadili gari. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji muivute hadi kwenye mizani ya malori barabarani. Mtalipa dola chache na ubishi utakwisha. Upana nao usizidi futi 8 na nusu, yaani mita 2.59. Ukizidi hapo, utahitaji kibali kila unapoivuta.

Hatua ya 2: Laleni ndani ingali nchi kavu. Nenda na mwenzako na watoto wote. Mwombe muuzaji ruhusa, tandikeni vitanda, fungeni mlango, mlale dakika ishirini. Boti ya kwanza niliyoitamani nilikuwa nimeshaikubali moyoni. Mke wangu alijinyoosha, miguu ikagota ukutani, akaniambia, "Baba Zuhura, humu mimi sitalala." Tukaiacha. Mkiwa mmelala, nusa magodoro. Harufu ya ukungu maana yake maji yanapenya mahali, na kwa kawaida ni pembeni mwa madirisha. Jiulizeni pia choo kitakaa wapi. Cha kubebeka kinatosha, lakini kimwagwe nchi kavu mahali palipotengwa: tangu 2018 ni marufuku kumwaga maji ya choo katika Puget Sound yote, mkono wa bahari wa huku kwetu.

Hatua ya 3: Gonga sitaha. Boti nyingi za faiba zina mbao nyepesi za balsa zilizobanwa kati ya tabaka mbili za faiba. Kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji, na balsa ikilowa huoza kimyakimya huku juu kunang'aa. Chukua bisibisi, ishike upande wa chuma, gonga kwa mpini, shubiri kwa shubiri, kuanzia omo hadi tezi. Palipo pazima panalia kavu, ko, ko, ko. Palipooza sauti inadidimia, kama unagonga papai bivu. Rudia kuzunguka vyuma vya kufungia kamba na fremu za madirisha. Kisha nenda nyuma, shika mashine kwa chini, itikise juu na chini kwa nguvu. Ubao unaoibeba ukicheza hata kidogo, aga kwa heshima uondoke. Kiraka kimoja laini cha ukubwa wa sahani kinatengenezeka. Ubao wa nyuma uliooza utakula fedha nyingi mno.

Hatua ya 4: Mashine. Baada ya salamu, mkono wangu unakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Nikiikuta ya moto, muuzaji ameiwasha kabla sijafika, nami nataka kuiona ikiamka baridi, kwa hiyo naomba nirudi kesho. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi, uache matone machache yadondoke kidoleni. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na sili zimekwisha. Kisha fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10. Ikiwaka, tazama maji ya kupoza yanayotoka nyuma. Yatoke kwa nguvu, bila kukatika. Hata yakitoka vizuri, ukishanunua badilisha raba ya ndani ya pampu hiyo, kwa sababu hujui imekaa miaka mingapi.

Hatua ya 5: Trela. Hapa ndipo nilipoumia. Boti yangu ya kwanza niliikagua siku nzima, trela nikalitazama kwa macho tu. Tukiwa kwenye barabara kuu ya I-5, kaskazini ya Everett, Zuhura akasema, "Baba, gurudumu linatoa moshi." Beringi ilikuwa imesagika. Tulikaa kando ya barabara, malori yakipita kwa kasi karibu na watoto wangu, hadi gari la kuvuta likafika. Sijasahau.

Sababu yake ni hii: gurudumu limepata moto barabarani, unalizamisha katika maji baridi ya chumvi, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupita sili iliyochakaa. Grisi inaoshwa, kutu inaanza. Kwa hiyo inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe ukisikiliza. Likikwaruza au likicheza, beringi ni za kubadilisha. Ukishanunua, fungua zote utie grisi mpya kabla ya safari yoyote. Tairi nalo lina tarehe ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yakipita miaka sita mimi nabadilisha, hata yakiwa na meno mazuri. Kagua breki na taa.

Hatua ya 6: Karatasi. Boti na trela kila kimoja kina hati yake. Dai zote mbili. Nyuma ya boti, upande wa kulia, kuna namba ya boti, yenye herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni 12. Ilingane na hati. Kwa boti za kuanzia 1984, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo.

Hatua ya 7: Ijaribu majini kabla ya kulipa. Kizibo cha chini kifungwe kwanza. Iendeshe kwa kasi kamili dakika kadhaa, kisha fungua sakafu utazame kama maji yanaingia. Washa pampu ya kutolea maji nje ya boti, isikie ikinguruma.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza uwe karibu na nyumbani. Sisi tulikwenda Blake Island, kisiwa kisichofikiwa na gari, ukiwa unaziona taa za Seattle. Tulijua kwamba mawimbi ya feri yangetutikisa. Soma jedwali la maji kujaa na kupwa kama ungelisoma Pangani, maana bamvua ya huku nayo inazidi mita tatu, na boti iliyotiwa nanga saa ya maji kujaa inaweza kuamkia kokoto. Dereva wa mashine ya nguvu farasi 15 au zaidi awe na kadi ya mafunzo ya jimbo. Jaketi za kuokolea zisivuliwe mkiwa nje ya kibanda, hata na watu wazima wanaojua kuogelea: maji haya ni baridi mwaka mzima, na mikono inakufa ganzi mapema kuliko unavyodhani. Mkipika au kuwasha kipasha joto ndani, dirisha liachwe wazi kidogo na kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, iwe na betri mpya. Mimi naijaribu kila jioni, kabla watoto hawajaingia kwenye blanketi.